Ubao wa Mbwa Pale Langoni

Vijana wangu wa bandani,

Mliniomba niandike ninayoyajua kuhusu kusafiri na farasi na mbwa pamoja, kwa kuwa mnasema mimi ndiye niliyeweka sheria. Nimenunua kaunta buku hapo Kanyenye, nimechonga penseli mbili, na hii ni mara ya nne naanza. Elimu yangu ni darasa la saba, na hata hilo la saba nilikuwa mtoro msimu wa kuvuna tumbaku, kwa hiyo mtanivumilia. Mara tatu za kwanza nilianza na namna ya kushika hatamu. Nikaona nakimbia. Sasa naanza na ubao.

Pale langoni pana ubao mweupe ulioandikwa MBWA WA WAGENI HAWARUHUSIWI KAMBINI. Nyie mnauita sheria ya Mzee Mihayo. Siku ya kuniaga mlichinja mbuzi, na aliyesimama kunisemea akasema kwamba miaka yote hiyo mbwa hajawahi kuleta madhara mkononi mwangu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia pilau. Kosa lililouzaa ubao ule ni langu. Kuna mtu mwingine alilibeba, akaondolewa kazini kwa ajili yake, na mpaka juzi hakujua kuwa si lake. Hilo ndilo nataka kuandika. Ya hatamu mtayaokota humo humo njiani.

Siku yangu ya kwanza nilifika bandani kwa miguu kwa barabara ya Kipalapala, nikiwa na viatu vya kuazima. Kazi niliyoijua ilikuwa tumbaku na mizinga ya nyuki. Farasi nilikuwa nimemwona kwenye picha ya kalenda tu. Punda nilikuwa nawajua, kwa hiyo nilipomwona farasi wa kwanza anatoa kichwa juu ya nusu mlango nikasema, tena kwa sauti, "Loo, punda gani huyu?" Ndani ya banda kulikuwa na mtu ameinama, mguu wa farasi uko katikati ya magoti yake. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe umeletwa kunisaidia au kunizika?"

"Kusaidia, mzee."

"Basi usimwite punda. Anasikia. Na akikasirika, aliyeshika kwato yake ni mimi, si wewe."

Huyo alikuwa Mzee Salum, saisi mkuu, yaani mkubwa wa watunza farasi, mtu wa mjini wa siku nyingi, baba na babu yake wote wa Tabora. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchonga kwato. Alikuwa na kisu kilichopinda ncha, koleo, na tupa ndefu kama mkono wangu, na vyote alivifunga kwenye kitambaa cha kanzu kuukuu. Alinifundisha kila ninachokijua. Alinifundisha kumgusa farasi begani kwanza, usimwendee kwa nyuma kama mdai. Alinifundisha kumkagua tumboni na mapajani kila mkirudi, maana mbung'o akimuuma farasi, na usipojua mapema, baada ya wiki chache unamkuta amesimama tu, kichwa chini, anakuaga. Ndiyo maana safari zetu hazikuingia msituni. Tulifuata njia ya zamani ya misafara kwenye mashamba na vijiji, kuelekea magharibi, ambako miti imekwisha kukatwa. Babu zetu walipita njia hiyo wamebeba mizigo mabegani. Wageni wetu wanapanda farasi waipite wakiwa wamebebwa. Sisemi ni vibaya. Nasema tu nilikuwa naliwaza hilo nikiwa nimeshika kikuku, pale pa kukanyagia, ili mgeni apande.

Mbwa walikuwapo kabla yangu. Mwenye banda, tuliyemwita Madamu, alikuwa nao wawili: Tumbaku, wa rangi ya kahawia, na Asali, jike, aliyekuwa mzee tayari. Wageni nao walikuja na wa kwao, hasa wale waliokuja kwa kambi ya siku tatu au kwa michezo ya farasi tuliyoifanya baada ya mavuno. Mtu aliyesimamia mbwa wote aliitwa Chiwanga, Mgogo wa Dodoma, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kwa kuwa mimi Mnyamwezi na yeye Mgogo, sisi ni watani, na hakupoteza muda.

"Mnyamwezi!" alinipokea. "Babu yako alipita kwetu na mzigo kichwani, akaomba maji, tukamnyima mpaka akalia. Umekuja kulipiza?"

"Maji yenyewe yalikuwa matope," nikasema. "Alilia kwa kuwahurumia."

Akacheka mpaka mbwa wakabweka. Tangu siku ile hakuwahi kuniita jina langu. Nilikuwa Mnyamwezi, Mbeba Mizigo, Mjukuu wa Kiu, na siku alizokasirika, Kichwa cha Gunia. Nami nilimwita nilivyojua. Aliyesikia kutoka nje angedhani tutapigana.

Kazi yake aliifanya hivi, na hili liandikeni, maana mbwa wa wageni mkija kuwapokea tena mtalihitaji. Mbwa mgeni alitakiwa kufika siku tatu kabla ya safari. Gunia alilolalia mbwa huyo, Chiwanga alilichukua kila asubuhi akalitundika pale farasi wanapokula. Na blanketi la chini ya tandiko alimtandikia mbwa. Siku ya kwanza farasi wanapuliza pua na kurudi nyuma. Siku ya pili wanalinusa lile gunia. Siku ya tatu wanalitafuna pembezoni, ukiwaachia. Hapo Chiwanga anasema, "Wameoana," na mbwa anaruhusiwa kutembea na farasi, upande wa kushoto, usawa wa bega, mahali mpandaji anamwona. Mbwa anayefuata visigino vya farasi ni mbwa anayetafuta teke. Kwenye maji farasi kwanza, mbwa baadaye. Na kabla ya tupa kugusa kwato yoyote, mbwa wote wawe wamefungwa.

Hilo la mwisho lilikuwa la Mzee Salum. Sababu ni hii: mbwa wanapenda maganda ya kwato kuliko nyama. Sijui ni harufu gani wanayoisikia, lakini mbwa mwenye adabu zake, aliyeshiba, akiona ganda limeanguka anakuwa mwizi. Mzee Salum aliyakusanya yote kwenye debe lenye kifuniko na kuyafukia. Kila alipotaka kuanza aliuliza, "Mbwa wamefungwa?" na Chiwanga akajibu, "Wamefungwa." Ndipo anainama.

Mwanzoni nilidhani Mzee Salum anachukia mbwa. Alikuwa mtu wa swala tano, na mate ya mbwa yakimgusa alinawa mara saba, moja kwa mchanga, na mchanga huo aliuweka kwenye kopo safi juu ya dirisha. Kumbe nilimdhania vibaya. Siku Asali alipougua yeye ndiye aliyempikia uji, akamnywesha kwa upawa wa mpini mrefu, amesimama mbali kama anayekoroga sufuria ya harusi. "Mbwa hana kosa," alisema. "Mbwa ana tabia. Kosa lina watu."

Sasa nifike kwangu.

Mbwa walimpenda Chiwanga. Akipita wanasimama wote. Mimi nilikuwa nawapa maji, nawatoa miiba, na bado akitokea yeye wananiacha nimeshika mguu wa hewa. Nilimwonea wivu. Nimeandika neno hilo, nikalifuta, nikaandika "nilitamani", nikalifuta hilo. Ni wivu. Basi nikaanza kuficha maganda ya kwato kwenye mfuko wa ovaroli. Jioni nampa Tumbaku moja, nyuma ya ghala la pumba. Baadaye nikawa nampa hata wakati kazi inaendelea, nikishika kichwa cha farasi kwa mkono mmoja na kurusha ganda nyuma kwa mkono wa pili. Mzee Salum ameinama, haoni. Tumbaku akajifunza. Akisikia tupa inaanza kukwaruza, popote alipofungwa, anakata kamba kwa meno, anakuja kukaa miguuni pangu, ananitazama machoni. Watu wakasema, "Mihayo ana dawa ya mbwa." Sikukataa. Chiwanga alipoanza kumfunga kwa mnyororo wakati wa tupa, Tumbaku akawa analia kama mtoto. Chiwanga hakuelewa. "Mbwa huyu zamani alikuwa na akili," aliniambia. "Umemroga, Mbeba Mizigo?"

"Ameona uzuri," nikamjibu.

Ilikuwa siku ya pili ya kambi. Tulikuwa tumepiga turubai kwenye shamba lililokwisha kuvunwa mahindi, na wageni walikuwa wanajiandaa kwa michezo, ile ya kuzunguka madebe na kuokota kitambaa ukiwa juu ya farasi. Miongoni mwa wageni kulikuwa na dokta wa kike kutoka Mwanza, na mbwa wake mkubwa mweusi aliyeitwa Bosi. Nataka niseme haki: dokta yule alifuata kila tulichomwambia. Alimleta mbwa siku tatu kabla. Gunia lilitundikwa. Blanketi lilitandikwa. Njia nzima Bosi alitembea begani kama askari. Chiwanga aliona raha kumwita. "Bosi, keti! Bosi, acha uroho!" Halafu ananigeukia, "Nimengoja maisha yangu yote kusema hivi."

Asubuhi ile farasi jike aitwaye Nyota alikuwa amevunjika ukingo wa kwato ya nyuma. Mzee Salum akasema amsawazishie kabla ya michezo. Akauliza, "Mbwa wamefungwa?" Chiwanga akajibu, "Wamefungwa," na nilimwona kwa macho yangu akiwafunga. Mnyororo mrefu ulizungushwa kwenye gurudumu la lori, Tumbaku na Bosi wote humo, na kulabu aliivuta mara mbili kuijaribu. Alivuta mara mbili siku zote. Asali hakufungwa, alikuwa amelala kwenye kiti cha dereva kama kawaida yake. Kisha Chiwanga akaenda kuteka maji ya farasi.

Mimi nimeshika kichwa cha Nyota. Tupa ikaanza. Tumbaku akaanza kulia. Wageni watatu wanne walikuwa wamesimama na vikombe vya chai wakitazama, na mmoja akasema, "Jamani, huyu mbwa anaumwa?" Nikasema, "Haumwi, ananitaka mimi. Ngojeni muone." Nikamwachia Nyota, hatamu nikaitupia kwenye kigingi bila kufunga, nikaenda hatua sita au saba mpaka kwenye lori, nikafungua kulabu. Nilitaka wamwone Tumbaku anavyonifuata na kukaa miguuni pangu bila kuambiwa. Kweli alinifuata. Kweli alikaa. Mgeni mmoja akasema, "Aisee." Hilo "aisee" ndilo nililolipwa.

Sikukumbuka kwamba mnyororo ulikuwa mmoja.

Bosi alipita mbio kando yangu, akaingia chini ya Nyota, akabeba ganda. Tumbaku, aliyeamini kwamba maganda yote ya dunia ni yake, kwa sababu mimi nilimfundisha hivyo, akamrukia. Wakapigana chini ya tumbo la farasi. Hatamu haikuwa mkononi mwangu. Nyota alirusha mguu, kama farasi yeyote angefanya, sina la kumlaumu. Mzee Salum alikuwa ameishika kwato kwa mkono wa kulia.

Mengine sitayaandika yote. Mkono ulipondwa kati ya kwato na kigogo alichokuwa ameegemezea mguu wa farasi. Alipiga ukelele mmoja tu, halafu akawa anasema, "Mshikeni farasi, mshikeni farasi," mpaka alipomwona ameshikwa. Tulimpeleka hospitali ya Kitete kwa lori, na Asali humo humo, hakuna aliyekumbuka kumshusha. Walimtibu vizuri, walifanya wanachoweza, lakini vidole vitatu havikukunja tena. Mkono wa kuchongea kwato uliishia siku ile.

Madamu alituita jioni, mimi na Chiwanga. Alikuwa bado na damu kwenye mkono wa shati.

"Nani aliwafungua mbwa?"

Chiwanga akasema, "Mimi niliwafunga, Madamu."

"Mihayo?"

Nikasema, "Mimi nilikuwa nimeshika farasi."

Itazameni sentensi hiyo. Nimeitazama miaka mingi. Si ya uongo. Nilikuwa nimeshika farasi, kabla na baada. Wale wageni waliokuwa na vikombe hawakujua kanuni zetu, waliniona nikienda kwenye lori wakadhani ndiyo kazi yangu, hakuna aliyewauliza, na wenyewe walikuwa wanafungasha waondoke. Dokta alikuwa analia anasema mbwa wake ana nguvu, huenda kajichomoa. Madamu akamwangalia Chiwanga. Chiwanga akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Huenda sikuvuta kulabu sawasawa," akasema.

Nilikuwa na nafasi pale. Kama ya kuvuta pumzi moja. Nikaivuta, nikaitoa.

Chiwanga aliondolewa. Madamu hakuwa mtu mkali, nimwandikie haki yake, alilia wakati anamwambia. Kisha akaniuliza mimi tufanye nini lisitokee tena, na mimi nikasema, "Mbwa wa wageni wasije tena." Ndiyo ubao huo. Rangi nilipaka mwenyewe. Kila alichofanya dokta yule kilikuwa sawa, na ubao unamwambia yeye na wenzake kwamba wao ndio wabaya.

Nilikuwa naandika daftari la kila siku toka nilipoanza kazi. Juzi nilitafuta ukurasa wa siku ile. Nimeandika: "Mzee Salum kaumia. Mvua haikunyesha."

Alipotoka hospitali Mzee Salum aliomba jambo moja kwa Madamu, kwamba mimi nichukue kisu, na yeye aje kunifundisha kwa mdomo. Alikuja miaka miwili. Anakaa kwenye kigoda mbele yangu, mkono umefungwa na kitambaa, anasema, "Punguza kisigino. Hapo. Usimkate, wewe si mchinjaji." Kila asubuhi kabla sijainama alikuwa anauliza kama zamani, ila aliongeza neno.

"Mbwa wamefungwa?"

"Wamefungwa, mzee."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Haya."

Miaka miwili, kila siku ya kazi. Mtu anayechonga kwato haoni kitu kingine isipokuwa chini. Siku ile alikuwa ameinama, na mbele yake palikuwa na buti zangu. Ziliondoka, zikarudi. Alijua. Sikuwahi kumuuliza kwa nini hakusema, na wala simlaumu, maana kusema ilikuwa kazi yangu. Alifariki bila kunisikia nikiifanya. Nyie mnaonisifu kwa mkono wangu kwenye kwato, jueni mkono huo umetoka wapi.

Sasa Chiwanga. Hakurudi Dodoma. Alibaki hapa hapa mjini, akafungua sehemu ya kutengeneza baiskeli Kanyenye, akaoa hapa. Nilimkwepa. Nikitaka kwenda sokoni nazunguka. Kisha mama yangu akafa, tukamzika kijijini, na wakati tunataka kutoa jeneza ndani tukasikia kelele mlangoni. Chiwanga amelala chali kizingitini, amevaa gauni la marehemu na kilemba chake.

"Hapiti mtu! Huyu bibi ana deni letu la maji tangu zama za misafara! Hapiti!"

Mnaijua kazi ya mtani msibani. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Shangazi yangu akampiga na kanga, "Ondoka, Mgogo mchafu wewe!" Naye akajibu, "Nitolewe na nani? Nifungeni basi! Lakini msinifunge na fundo langu, mimi ndiye nisiyejua kufunga hata mbwa! Muulizeni huyu Kichwa cha Gunia!"

Watu wote wakanigeukia wakicheka. Nami nikacheka. Mtani hakasirikiwi, na hakuna aliyejua mimi nilikuwa nacheka nini. Alisafiri kwa baiskeli kuja kumzika mama yangu.

Baada ya mazishi tulikaa tunakula ugali yeye na mimi. Akaacha utani kidogo. "Sikiliza," akasema, "wewe ulikuwapo. Kulabu ile niliivuta kweli? Maana mimi nakumbuka niliivuta mara mbili. Lakini kila mtu anakumbuka kwa kujipendelea. Huwa nafumba macho dukani, nafunga kamba kwenye baiskeli, nafungua, nafunga tena, naangalia kama mkono unajisahau. Mbwa sijafuga tena. Naogopa."

Nikasema, "Ni mambo ya zamani hayo, ndugu yangu."

Hilo nalo si la uongo. Ninayo mengi ya namna hiyo.

Baada ya siku ile ya kuniaga, nililala siku tatu bila kula vizuri. Mke wangu alidhani ni presha. Siku ya nne, asubuhi, nilivaa shati la kanisani nikaenda Kanyenye kwa njia iliyonyooka. Chiwanga alikuwa amepindua baiskeli anatoa tairi. Mvi zimemjaa.

"Ohoo! Mstaafu!" akapiga kelele mtaa mzima usikie. "Mbeba Mizigo ametua mzigo! Sasa utakufa, Mnyamwezi, watu wako hawawezi kusimama bila kitu kichwani!"

Nikamwambia, "Chiwanga, kulabu uliivuta mara mbili. Nilikuona. Mimi ndiye niliyefungua."

Nikamweleza yote, pamoja na maganda ya mfukoni, wageni na chai, na lile "aisee". Nilisema nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae na mimi sikustahili kukaa. Hakunikatisha. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika tairi.

Nilitegemea matusi. Kusema kweli nilikuwa nimeyaombea. Njia nzima nilikuwa nayahesabia, Kichwa cha Gunia, Mjukuu wa Kiu, na yale ya kwetu ya zamani ambayo siwezi kuyaandika humu. Nilidhani akinitukana vizuri nitajua pa kusimama.

Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Akachukua kamba ya mpira ya kufungia mizigo, akaiweka kando. Akachukua ya katani. Akaifunga kwenye nguzo ya kibanda, bila kuitazama, huku ananitazama mimi.

"Vuta," akasema.

Nikavuta.

"Vuta tena."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote za uzee. Kibanda kilitikisika. Fundo halikusogea.

Akalitazama fundo lile kwa muda mrefu, akaligusa. Kisha akainama kwenye baiskeli yake.

"Asante kwa kunijulisha," akasema. "Karibu tena, Bwana Mihayo."

Basi vijana, ubao ule uondoeni. Mkishauondoa, mbwa wa wageni waje siku tatu kabla, gunia litundikwe pale farasi wanapokula, na kabla ya tupa mwulizane kama mbwa wamefungwa na nani kawafunga, na kulabu muivute mara mbili, kama alivyokuwa akifanya Chiwanga. Mkitaka kuiita sheria ya mtu, iiteni yake.

Nimeshakwenda Kanyenye mara mbili tena. Ananikaribisha kwa heshima, ananiletea kigoda na kuniulizia habari za nyumbani. Ananiita Bwana Mihayo.